Kitengela isisubiri msiba ndipo ihesabu milango

Msimu wa sherehe unapokaribia, nguzo za Barabara ya Namanga hujaa mabango. Msanii fulani anakuja, DJ fulani atakesha, nyama choma itakuwepo, tiketi za mapema zinauzwa kwa simu. Mabango hayo hutaja bei, tarehe na nambari ya kulipia. Hayataji uwanja unaweza kubeba watu wangapi, wala ni milango mingapi itakayofunguliwa umati ukianza kubanana. Kwa sababu ya mambo hayo mawili yasiyotajwa, leo gazeti hili linapiga kengele.

Kitengela ya sasa imekipita mbali kile kituo kidogo cha biashara cha Noonkopir ambacho wazee wanakikumbuka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 mjini humu, na 1,117,840 katika Kaunti nzima ya Kajiado. Wengi ni vijana na familia changa zilizohama Nairobi kufuata kodi nafuu au ploti ya kujenga. Jiji liko takriban kilomita 30 tu, na kadiri linavyobanwa na majengo na malalamiko ya kelele, ndivyo waandaaji wa burudani wanavyoutupia macho uwanda wetu ulio wazi. Mikusanyiko mikubwa haikuanza leo katika kaunti hii. Novemba 2024 jamii za Wamaa zilikutana Amboseli kwa tamasha la utamaduni wao, na Rais William Ruto akahudhuria. Watu watazidi kuja. Linalotutia hofu ni kwamba umati unakua upesi kuliko maandalizi ya kuulinda.

Majirani wametuonyesha

Desemba 2024 jijini Nairobi, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekwenda kumwona mwanamuziki Asake wa Nigeria alifariki baada ya kuumizwa katika msukumano wa mashabiki. Miaka miwili nyuma, usiku wa Desemba 15, 2022, msukumano mwingine ulitokea kwenye milango ya ukumbi wa O2 Academy Brixton, London, ambako msanii huyo huyo alikuwa akitumbuiza. Watu 2 walipoteza maisha: shabiki mmoja, na mlinzi mmoja aliyekuwa kazini. Hatumlaumu msanii, maana mwimbaji hajengi lango. Tunachotaka kilinganishwe ni kile kilichofuata. London, ukumbi ulifungwa, leseni yake ikasimamishwa, na haukufunguliwa tena hadi Aprili 2024, baada ya kuwekewa masharti 77 yakiwemo milango imara zaidi na utaratibu mpya wa kuongoza umati. Kwetu zilitolewa rambirambi, na msimu wa matamasha ukaendelea.

Kampala nayo ina jeraha lake. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2023, watu waliofika katika jengo la maduka la Freedom City walitoka saa sita kutazama fataki, kisha wakasukumana katika njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walikufa, wakiwemo watoto. Promota alifikishwa mahakamani, lakini kesi huanza baada ya mazishi.

Kinshasa imeumia mara mbili mahali pale pale. Oktoba 29, 2022, mwanamuziki Fally Ipupa alipotumbuiza Stade des Martyrs, uwanja wa watu wapatao 80,000, umati uliingia kupita kiasi na watu 11 wakafa, baadhi yao polisi waliokuwa wakilinda. Julai 2024, katika tamasha la nyimbo za injili kwenye uwanja huo huo, watu wasiopungua 7 wakafa tena. Kwa hiyo anayedhani kwamba hatari hii ni ya walevi na wapenda anasa atazame huko. Atazame pia Moshi, Tanzania, ambako Februari 1, 2020 waumini 20 walipoteza maisha walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Atazame Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, ambako Machi 2021 watu 45 walikufa walipokwenda kuuaga mwili wa Rais John Magufuli. Umati wa sala na umati wa msiba hubanwa sawasawa na umati wa densi.

Nasi Wakenya tunazo kumbukumbu zetu. Oktoba 23, 2010, mashabiki 7 walikufa katika Uwanja wa Nyayo siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Oktoba 2025, umati mkubwa ulipojitokeza kumuaga Raila Odinga, watu waliuawa kwa risasi Kasarani, na kesho yake wengi wakaumia katika msongamano Nyayo. Kati ya misiba hiyo miwili imepita miaka 15, na bado umati mkubwa unapokusanyika tunaokolewa na bahati zaidi ya mpango.

Umati hauuawi na wazimu

Kila baada ya msiba wa namna hii maelezo huwa yale yale: vijana walilewa, waliruka ua bila tiketi, walikosa nidhamu, wakakanyagana. Maelezo hayo humtwika marehemu lawama ya kifo chake na kumwacha huru aliyeuza tiketi kupita kiasi. Wataalamu waliotumia maisha yao kuchunguza mambo haya, kama John Fruin wa Marekani na Keith Still wa Uingereza, wanaeleza jambo tofauti kabisa.

Watu 2 au 3 katika mita moja ya mraba wanaweza kucheza, kupishana na kwenda chooni. Wakifika 4 au 5 wanaanza kugusana pande zote. Wakizidi 6, mtu hana tena uwezo wa kuamua aendako. Umati wote unakwenda kama maji, na msukumo wa nyuma hufika mbele bila aliyeanzisha kujua amefanya nini. Wengi wanaokufa hawakanyagwi. Hufa wakiwa wamesimama, vifua vimebanwa hata mapafu hayawezi kutanuka. Aliye hatua kumi nyuma yao huendelea kuimba, kwa kuwa hana namna ya kujua kinachotokea.

Houston, Marekani, Novemba 5, 2021, tamasha la Astroworld lilikuwa na watu wapatao 50,000. Watu 10 walikufa, mdogo wao akiwa mtoto wa miaka 9, na uchunguzi ukabainisha kwamba walibanwa wakakosa pumzi. Waandaaji walikuwa na mpango wa kurasa 56. Haukueleza la kufanya iwapo mashabiki wangesongamana mbele ya jukwaa. Muziki uliendelea kwa zaidi ya nusu saa baada ya maafisa kutambua kwamba yamekwisha kuwa maafa. Fedha zilikuwepo, walinzi walikuwepo, ambulensi zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu aliyepewa mamlaka ya kuzima muziki na akayatumia kwa wakati.

Milango nayo ina hesabu yake, na hesabu hiyo yeyote anaweza kuipiga. Kwa kipimo kinachotumika viwanjani Uingereza, kila mita moja ya upana wa mlango hupitisha watu wapatao 82 kwa dakika kwenye ardhi tambarare. Chukua uwanja wa wazi wenye watu 10,000, uliozungushiwa mabati, ukiwa na lango moja la mita 4. Watu hao watahitaji nusu saa kutoka, na hiyo ni pasipo hofu, pasipo giza na pasipo mtu kuanguka. Kipimo hicho hicho kinataka watu wote wawe wametoka uwanjani katika muda usiozidi dakika 8. Ili watu 10,000 watoke katika dakika hizo, panahitajika jumla ya takriban mita 15 za milango iliyo wazi, iliyosambazwa pande mbalimbali. Kabla hujanunua tiketi nyingine ya tamasha la uwanjani, jiulize ni mara ngapi umewahi kuona mita 15 za milango.

Duisburg, Ujerumani, ilijifunza somo hili kwa uchungu. Julai 24, 2010, waliohudhuria Love Parade waliingia na kutoka kwa njia moja iliyopitia kwenye handaki. Waliokuwa wakija walikutana na waliokuwa wakiondoka, na watu 21 wakafa. Kesi ilivutwa kwa miaka hadi ikafungwa 2020 bila hukumu.

Kwetu hatari ya lango huongezwa na desturi ya kuchelewa. Tamasha linatangazwa kuanza saa nane mchana, lakini kila mtu anajua msanii mkuu hatapanda jukwaani kabla ya saa sita usiku. Basi mchana uwanja ni mtupu, na kati ya saa nne na saa tano usiku maelfu wanafika kwa pamoja, wakisikia muziki umeshapamba moto ndani huku walinzi wakiwapekua mmoja mmoja. Hapo ndipo lango husukumwa. Promota anayeheshimu ratiba yake anapunguza nusu ya msukumano huo bila kutumia shilingi moja.

Uwanda wetu una hatari zake

Mwandaaji anayetoka Nairobi huona Kitengela kama ardhi tupu isiyo na shida. Sisi tunaoishi hapa tunajua uwanda huu vizuri zaidi.

Tunaujua udongo wake mweusi, ambao kiangazi hupasuka nyufa na mvua ikinyesha huvimba na kushika kila kinachoukanyaga. Mvua za vuli huanza Oktoba na kuingia hadi Desemba, msimu ule ule wa matamasha. Gari dogo hukwama, na ambulensi nayo hukwama. Mtu akiteleza katikati ya umati kwenye matope hayo, walio nyuma yake huanguka juu yake. Agosti 20, 1988, mashabiki 2 walikufa hivyo katika tamasha la Monsters of Rock huko Donington, Uingereza, kwenye mteremko uliolowa mvua. Kutokana na vifo hivyo viwili Waingereza waliandika mwongozo wa kitaifa wa usalama wa matamasha ya muziki. Miaka 12 baadaye, Juni 30, 2000, vijana 9 walikufa Roskilde, Denmark, baada ya umati kuangukiana mbele ya jukwaa kwenye ardhi iliyolowa.

Upepo tunaujua pia. Hapa hakuna mlima wala msitu wa kuukinga, na jukwaa lililopandishwa kwa vyuma, turubai na spika nzito hubeba upepo wote. Agosti 13, 2011, upepo uliangusha paa la jukwaa katika maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, na watu 7 wakafa. Nani hupima upepo kwenye viwanja vyetu? Nani hukagua mafundi waliofunga vyuma hivyo jana jioni, au nyaya za jenereta zilizolazwa kwenye nyasi zenye umande?

Halafu ni barabara. Barabara ya Namanga ndiyo uti wa mgongo wa mji huu, nayo hubeba malori ya saruji kutoka viwanda vya Athi River, mizigo ya kwenda Tanzania, matatu na bodaboda. Tamasha likiisha saa tisa usiku, vijana waliochoka humwagika barabarani wakitafuta usafiri. Na kukitokea majeruhi wengi, Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela ndiyo itakayowapokea kwanza, wakati Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko mjini Kajiado, takriban kilomita 50 kusini. Kupeleka majeruhi 100 Nairobi usiku, kwenye barabara ambayo tamasha hilo hilo limeifunga kwa magari, ni jambo la kupangwa wiki kadhaa mapema. Haliwezi kubuniwa saa tisa usiku.

Mwisho ni walinzi. Mabaunsa wengi wanaosimama kwenye malango yetu wamefunzwa kumzuia mtu asiingie. Kumsaidia atoke hawakufunzwa. Sheria ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 inataka mlinzi awe amefunzwa na kusajiliwa, na promota anayeokota vijana wenye misuli siku ya tamasha anaivunja. Tamasha la Altamont la California, Desemba 6, 1969, ni onyo la zamani: uwanja ulibadilishwa dakika za mwisho, ulinzi ukaachiwa genge la waendesha pikipiki la Hells Angels, na kijana mmoja akachomwa kisu akafa karibu kabisa na jukwaa.

Polisi nao wakumbuke Malang, Indonesia. Oktoba 1, 2022, walifyatua mabomu ya machozi ndani ya Uwanja wa Kanjuruhan, watu wakakimbilia milango ambayo haikupitika ipasavyo, na 135 wakafa. Moshi wa machozi ndani ya uwanja uliozungushiwa ukuta au mabati ni silaha ya kuua. Hakuna kuruka ua wala kuingia bila tiketi kunakostahili adhabu hiyo.

Viongozi wanatazama penginepo

Kila tamasha kubwa linapozungumzwa Afrika Mashariki, mjadala hukimbilia maadili. Uganda, Septemba 2022, Spika wa Bunge Anita Among alitaka tamasha la Nyege Nyege huko Jinja lipigwe marufuku kwa madai ya upotovu, kabla ya serikali kuliruhusu kwa masharti. Hata huku kwetu, mahubiri na mikutano ya hadhara hujaa hasira kuhusu sketi fupi, bangi na pombe. Wazazi wana haki ya kujali hayo, na sheria ya pombe kwa walio chini ya miaka 18 lazima ifuatwe. Lakini urefu wa sketi haujawahi kumziba mtu pumzi langoni. Kiongozi anayetumia saa nzima kulaani mavazi bila kuuliza hata swali moja kuhusu milango amewaacha vijana hao hao katika hatari kubwa zaidi.

Wala hatuungi mkono marufuku. Muziki ni kazi. Tamasha moja likiandaliwa vizuri linalisha mchoma nyama, dereva wa bodaboda, mwenye nyumba ya wageni, fundi wa sauti, mama anayeuza chapati na msanii chipukizi wa Kitengela ambaye hangepata jukwaa kwingine. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani. Tamasha likipigwa marufuku halipotei. Huhamia kwenye ua wa mtu binafsi, ambako hakuna mkaguzi wala ambulensi.

Mamlaka yako Kajiado

Kisingizio cha kwamba hili ni jambo la serikali ya kitaifa hakisimami. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti burudani za umma na leseni za pombe. Limezipa pia huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga, huduma za afya pamoja na ambulensi, na udhibiti wa kelele. Kila kitu anachohitaji promota ili afungue lango, na kila kitu anachohitaji majeruhi ili aokolewe, kiko chini ya ofisi za serikali moja. Polisi wanabaki chini ya serikali ya kitaifa, na Sheria ya Utulivu wa Umma inawahusu wao. Lakini kalamu inayotia sahihi kibali cha burudani iko mkononi mwa kaunti.

Kifungu cha 46 kinaongeza uzito: mnunuzi wa huduma ana haki ya kulindwa afya na usalama wake. Aliyelipia tiketi ni mnunuzi. Amelipia wimbo, na amelipia pia kurudi nyumbani.

Kwa hiyo gazeti hili linaitaka Serikali ya Kaunti ya Kajiado chini ya Gavana Joseph ole Lenku, pamoja na wawakilishi wadi katika bunge la kaunti, waweke kanuni za mikusanyiko mikubwa zenye mambo yafuatayo.

Kwanza, kila uwanja upimwe na uwezo wake uandikwe: kwenye leseni, kwenye bango na kwenye kila tiketi. Tiketi zikifikia idadi hiyo, mauzo yafungwe, ya simu na ya langoni. Orodha ya vibali vilivyotolewa ibandikwe hadharani, ili leseni isigeuke mwanya mwingine wa hongo.

Pili, mpango wa usalama uwasilishwe siku 30 kabla, ukieleza milango, upana wake, njia ya ambulensi isiyozibwa na gari lolote, taa za kutokea zisizotegemea jenereta ya jukwaa, vyoo, na maji ya kunywa ya bure. Mji huu unajua kiu; mtu asizimie uwanjani kwa kukosa maji. Mvua ikitabiriwa, mpango ueleze ardhi itatandikwa nini na tamasha litaahirishwa kwa vigezo gani. Anayebadilisha uwanja dakika za mwisho aanze maombi upya.

Tatu, uwanja ukaguliwe kwa miguu na kikosi kimoja cha zimamoto, afya, wahandisi na polisi, mara mbili: siku moja kabla, na saa chache kabla ya lango kufunguliwa. Mlango uliofungwa kwa kufuli siku hiyo utoshe kuzuia tamasha zima.

Nne, kila tamasha liwe na afisa mmoja anayejulikana kwa jina, asiyelipwa na promota, mwenye mamlaka ya kuzima muziki na kuwasha taa. Msanii, DJ na mshereheshaji waoneshwe mtu huyo kabla ya kupanda jukwaani, nao wafunzwe kuzungumza na umati kwa utulivu, kwa kuwa sauti inayosikika na wote ni yao.

Tano, walinzi wawe waliosajiliwa, na idadi yao ilingane na idadi ya watu. Mbele ya jukwaa kuwe na vizuizi vinavyogawa umati katika sehemu, ili msukumo wa nyuma usiwafikie wote walio mbele.

Sita, promota aweke bima inayomfidia aliyeumia na familia ya aliyefariki. Na kukitokea kifo, ripoti ya uchunguzi itangazwe kwa umma. Taifa lisilosoma ripoti za vifo vyake huvirudia.

Tunajua waandaaji wadogo watasema gharama hizi zitawaua. Kanuni zipangwe kwa viwango: sherehe ya watu 300 haihitaji masharti ya watu 10,000. Lakini anayeuza tiketi 10,000 amekusanya fedha za kutosha kununua usalama wa watu 10,000. Asipoweza kuwalinda, asiwaalike.

Neno kwa wazazi na vijana

Kanuni zitachukua muda, na wikendi ijayo kuna tamasha. Kijana, ukiingia uwanjani, kabla ya kutafuta nafasi mbele tafuta milango miwili ya kutokea, na usidhani utatoka ulikoingilia. Ukihisi mabega yako yameshikwa pande zote na miguu inakwenda bila wewe kutaka, ondoka saa hiyo hiyo. Usingoje wimbo uishe. Ukibanwa, kunja mikono mbele ya kifua ujiachie nafasi ya kupumua, usipigane na msukumo, na kila unapolegea jongea kwa mshazari kuelekea pembeni. Simu ikianguka, iache. Mwenzako akianguka, mwinue upesi na waombe walio jirani wakusaidie. Mzazi, muulize mwanao atarudi na gari gani, na umwambie wazi kwamba akipiga simu saa nane usiku aletewe usafiri hutamfokea.

Wakenya tuna msemo kwamba ajali haina kinga, na huusema makaburini kwa nia njema ya kufarijiana. Kifo cha langoni kina kinga. Kinga yake ni mlango wa pili, idadi iliyoheshimiwa, mkaguzi asiyehongeka na mtu mmoja mwenye ujasiri wa kuzima muziki. Brixton waliiweka baada ya vifo 2. Waingereza waliandika mwongozo baada ya vifo 2 vya Donington. Hakuna sababu ya Kajiado kusubiri hata kifo kimoja.

Mpaka kanuni hizo ziwepo, msimamo wetu ni huu: tamasha lisiloonyesha mpango wake wa usalama lisipewe kibali katika kaunti hii, awe promota ni nani na awe msanii ni nani. Na afisa atakayetia sahihi bila kuukagua uwanja kwa macho yake ajue kwamba msiba ukitokea, jina lake litaulizwa kabla ya jina la promota.